Ekseli Mbili Mbele ya Geti la Pasi

"Nimesema litoe! Sijasema litengeneze, nimesema litoe!"

"Nilitoe kwa meno? Pasi, hayo ni macho au vifungo vya shati? Gari limekufa. Limekufa hapa hapa unapoliona. Ukitaka kulizika, jembe ninalo, njoo uchukue."

"Limekufa mbele ya geti langu!"

"Lingekuwa na hiari lingejifia mbele ya geti la mtu mwenye adabu."

Kichochoro kizima kikacheka, na kinyozi wa pale kona, aliyekuwa amemwacha mteja na nusu ya kichwa ili asipitwe na neno, akacheka kuliko wote. Pasi alimkata jicho. Kisha akajitazama, akakung'uta bega la kushoto ambalo halikuwa na kitu, maana hata akiwa na hasira kiasi gani mtu yule hakuweza kugombana huku shati limekaa vibaya. Hilo jina alipewa na majirani na likamganda. Alikuwa fundi cherehani, miaka thelathini na ushei kwenye mashine ile ile, na hakuna aliyewahi kumwona na kunjo, si kwenye shati, si kwenye suruali. Wambea walisema hata leso anazipigia mstari.

Aliyekuwa akigombana naye ni Mama Viti, jirani wa ukuta kwa ukuta, mwenye kukodisha viti na maturubai ya shughuli. Lori lilikuwa lake, kilori cha zamani alichoachiwa na marehemu mumewe pamoja na madeni ya maneno. Asubuhi hiyo lilikuwa likipanda kichochoro kutoka kwenye shughuli, limebeba viti mia na hamsini, na lilipofika usawa wa geti la Pasi likatoa mlio mmoja, *kwaa!*, kama mtu aliyeuma jiwe kwenye wali. Tairi za nyuma zikaganda. Kichochoro chenyewe ni chembamba kama mkanda. Kati ya ubavu wa lori na geti, hata paka alilazimika kuvuta pumzi ndani ndipo apite.

Sasa kwa nini Pasi alikuwa akipiga kelele namna hiyo? Kwa sababu saa sita mchana mama mkwe wake alikuwa anakuja.

Miaka minne mama yule hakuwa amekanyaga pale. Mara ya mwisho alikuja wakati wa mvua, teksi ikamshusha chini kule barabarani, akapanda kwa miguu kwenye tope, na tope likamvua kiatu kimoja. Alifika getini na kiatu cha pili mkononi, akamkabidhi binti yake kapu, akamtazama mkwewe kuanzia juu hadi chini, jinsi alivyo mkavu na mnyoofu, akageuza. Hakukaa hata kwenye ngazi. Tangu hapo kila akipigiwa simu anamaliza na maneno yale yale: "Nitakuja siku nitakapofikishwa mlangoni." Na Pasi, kwa mdomo wake mwenyewe, alikuwa amemwahidi mkewe kwamba safari hii mama akishuka kwenye gari, hatua yake ya kwanza itakuwa kizingiti cha mlango wao.

Mkewe alitokeza getini, mwiko mkononi, jasho la jiko usoni. Hakugombana na mtu. Alilitazama lori, akamtazama mumewe.

"Baba watoto," akasema. "Saa nne hii."

Akarudi jikoni. Pasi alijisikia afadhali angepigwa na huo mwiko.

"Mama Viti," akasema, sauti imeshuka ghafla, "nakuomba kama jirani."

"Ee, sasa umekumbuka kwamba sisi ni majirani." Lakini naye alilegea, maana habari za kile kiatu alizijua kuliko wenyewe, yeye ndiye aliyezieneza. "Nimeshampigia shemeji yangu. Anakuja."

"Yule Taratibu? Mungu wangu! Atafika kesho!"

Fundi Taratibu alifika baada ya robo saa, kwa miguu, gunia la spana begani, akisalimia kila mtu na kumwulizia kila mtoto. Alikuwa mdogo wake marehemu, na kwa hiyo yeye na Mama Viti hawakuwahi kuzungumza bila kuchokozana.

"Shemeji, hili gari unaliendesha au unalichapa?"

"Litazame gari, acha kunitazama mimi."

Fundi akalizunguka lori mara tatu. Akapiga tairi teke. Akalala chali chini yake, miguu ikabaki nje imetulia kabisa, hata kinyozi akauliza kama kasinzia. Alipotoka alikuwa na jawabu.

"Difu, lile boksi la gia katikati ya tairi za nyuma, limekula jino. Jino lenyewe limekwenda kujikaza katikati ya gia, ndiyo maana tairi haziendi mbele wala nyuma. Hapa tusipoteze muda wa kulisukuma, hata mkileta jeshi."

"Basi limekwisha!" Pasi akashika kichwa.

"Halijakwisha. Nachomoa ekseli zote mbili, ya kushoto na ya kulia. Tairi zitakuwa huru, tunalisukuma kama toroli. Itachukua saa moja na nusu, mbili hivi."

"Ukitoa ekseli tairi si linaanguka?" kinyozi akauliza, na watu wakaitikia.

"Kwenye gari dogo, ndiyo. Hili ni lori. Tairi limekaa kwenye habu, kitovu cha gurudumu, na habu ina beringi zake. Ekseli ni chuma kirefu kinachopita katikati, kinatoka kwenye difu kuja kulizungusha tairi, basi. Hakibebi kitu."

Pasi alisikiliza, mikono nyuma. "Kama cherehani," akasema polepole. "Nikitaka kujaza uzi kwenye bobini, nalegeza ile skrubu ya gurudumu. Gurudumu linazunguka peke yake, sindano haina habari."

Fundi Taratibu akamtazama kwa mara ya kwanza kama mtu mwenye akili. "Hapo hapo! Umenisaidia, nimetafuta mfano huo miaka yote."

Kazi ikaanza. Kwanza mawe: fundi akaamuru mawe manne makubwa, mawili nyuma ya tairi za nyuma, mawili nyuma ya zile za mbele, kwa kuwa kichochoro kinateremka kuelekea barabarani. Mama Viti akapanda akavuta handbreki mpaka ikalia. Halafu viti vikashushwa ili lori liwe jepesi, na vilipopangwa kando ya ukuta, watu wakaviangalia, viti navyo vikawaangalia, mmoja akakaa. Dakika tano baadaye kichochoro kilikuwa na safu tatu za watazamaji, kina mama mbele na watoto mapajani, kinyozi katikati na mteja wake mwenye nusu kichwa, amejifunga taulo shingoni.

"Ningejua ningewatoza kiingilio," Mama Viti akanong'ona.

Upande wa kushoto ulikubali vizuri. Fundi alifungua nati nane zilizoshika uso wa ekseli kwenye habu, akazipanga kwenye kitambaa kwa mduara ule ule zilivyokaa. Nati zilitoka lakini ekseli haikutikisika, maana kila bolti ilikuwa imevikwa koni ndogo ya chuma iliyokaza kama kizibo.

"Hizi hazivutwi," akasema. "Hizi zinashtuliwa."

Akachukua nyundo kubwa, akaipigia katikati kabisa ya ule uso wa ekseli. *Ngwang!* Mara ya kwanza kimya. Mara ya pili kimya. Ya tatu koni zikaruka zote kwa pamoja, kama bisi kwenye sufuria, watazamaji wakainama na kupiga kelele za furaha. Fundi akahesabu. Saba.

"Jamani, ya nane."

Wakatafuta chini ya viti, kwenye mitaro, kwenye khanga za kina mama. Dakika kumi nzuri zilikwenda hivyo, Pasi akitazama saa kila nusu dakika, mpaka mteja wa kinyozi alipojikuna shingo na kuikuta imelala kwenye taulo.

Fundi akaivuta ekseli nje, chuma kirefu kama mkono na nusu wa mtu mzima, inateleza, inachuruzika oili nyeusi kwenye karai. Harufu ikapanda, harufu ya difu, kama yai bovu lililokaangwa. Kina mama wakajiziba pua.

"Nipe kitu cha kuziba hapa mchanga usiingie kwenye beringi," fundi akasema.

Pasi aliingia ndani, akarudi na kipande cha bitana na mpira wa kiunoni, akakifunika kile kitundu cha habu, akakipigia marinda madogo kuzunguka, akakifunga. Kilipendeza. Fundi alisema hajawahi kuona habu iliyovaa sketi.

Upande wa kulia ndio uliokuwa na roho mbaya. Nati zilifunguka, koni ziliruka, safari hii zote nane zikapatikana, lakini ekseli yenyewe ikagoma. Fundi akaivuta. Akaweka bolti mbili kwenye yale matundu ya kuisukumia, akazikaza huku na huku, ikatoka kidole kimoja ikasimama. Ilikuwa imebanwa kule ndani. Saa tano na nusu ikapita. Mkewe Pasi akachungulia getini mara ya pili, safari hii kavaa gauni jipya alilolishona mumewe, akaonyesha jua kwa mwiko, akarudi ndani.

Pasi akashindwa kusimama tu. Mikono yake haikujua kukaa bure. Akachukua ufagio. Akafagia mbele ya geti, akafagia koni moja nusura aipoteze, akafukuzwa, akaenda kufagia upande wa kushoto ambako kazi ilikwisha. Akamwaga mchanga juu ya oili, akauzoa. Akapangusa geti kwa kitambaa. Na pale kwenye tairi akayaona mawe. Mawe manne, machafu, yametapakaa kwenye njia kama kwa watu wasio na ustaarabu, mahali ambapo mama mkwe angetia mguu wake. Kiatu kimoja kilishapotea pale. Akafikiri: handbreki si imevutwa? Na mwenyewe aliisikia ikilia. Basi akayachukua moja moja, akayapanga kando ya ukuta kwa mstari, kubwa mpaka dogo.

Hakumwambia mtu. Watazamaji wote walikuwa upande wa kulia, wanampa fundi ushauri.

"Naona kilichoshika," fundi akasema akifuta jasho. "Lile jino limeibana huko ndani. Lazima gari litikiswe kidogo ndipo iachie. Wanaume sita, njooni mbele. Mkisikia 'haya' msukume nyuma, kidogo tu, kisha mwachie. Mawe yapo."

Wanaume sita wakaja mbele ya lori, kinyozi akiwa kiranja. Fundi akachuchumaa pembeni ya tairi, ameikumbatia ekseli.

"Haya!"

Wakasukuma. Lori likatikisika, kitu kikafanya *tok* ndani ya difu, na ekseli ikatoka yote kwa mkupuo, fundi akaketi chini kwa matako, chuma mapajani, oili kifuani, anacheka. Watu wakapiga makofi. Walikuwa bado wanapiga makofi lori lilipoanza kuondoka.

Liliondoka kwa adabu. Kinyumenyume, polepole, kama mgeni anayeaga.

"We! We! Linakwenda wapi?" Mama Viti akapiga yowe. "Handbreki nimevuta!"

"Handbreki inashika propela, chuma cha kuzungusha difu, shemeji!" fundi akajibu kwa kelele kutoka chini. "Propela haina habari na tairi tena! Mawe! Mawe yako wapi?"

Pasi akayatazama mawe yake kando ya ukuta. Alielewa kabla wengine hawajaelewa. Umeshika sindano, gurudumu linazunguka. Hakukumbuka baadaye alivyofika. Wanaosimulia wanasema aliruka viti viwili na mama mmoja. Alidandia ngazi ya lori, akajitupa ndani, na mbele ya macho yake kulikuwa na pedeli tatu.

"Ya katikati!" fundi alikuwa anapiga kelele. "Ya katikati, Pasi!"

Pasi hakuwahi kuendesha gari maishani. Lakini kama kuna kitu alichokijua chini ya jua hili ni pedeli. Mguu wa kulia ukashuka kwenye ile ya katikati jinsi unavyoshuka kwenye hariri, usipige, ukae, uongeze. Lori likapunguza, likavuta pumzi, likasimama.

Akatazama kwenye kioo cha pembeni. Nyuma yake, hatua kumi tu, teksi nyeupe ilikuwa imeingia kichochoroni. Dirisha la nyuma la teksi likateremka, na kichwa kilichofungwa kilemba cha samawati kikatokeza.

"Ni nani huyo anayetaka kunikanyaga?"

Pasi akatoa kichwa dirishani. Uso ulikuwa na oili, shati limechanika begani, na kwa mara ya kwanza tangu aoe alikuwa amekaa juu huku mama mkwe yuko chini.

"Shikamoo, mama."

Mama mkwe akatazama vizuri, mkono juu ya macho.

"Marahaba. Wewe si mkwe wangu? Mshonaji?"

"Ndiye, mama."

"Umebadili kazi?"

"Hapana, mama. Nilikuwa… nakupokea."

Watu waliokuwa wamekaa wakashindwa kujizuia. Mama mkwe mwenyewe hakucheka, ila kile kilemba kilitikisika.

"Basi shuka unisalimie kama watu."

"Siwezi, mama. Nikiinua mguu, lori linakuja kwako."

Fundi Taratibu alikuwa ameshafika, na jiwe moja kifuani kama mtoto. Akapima kwa macho. Geti sasa lilikuwa wazi, hilo ni kweli. Lakini lori lilikuwa limejitia kati ya geti na teksi, kama kizibo kwenye chupa.

"Mama," dereva wa teksi akasema kwa upole, "si mbali. Hatua thelathini tu, nikushike mkono."

Pasi akafumba macho.

"Mimi nilishatembea hapa," mama mkwe akasema, na dirisha likaanza kupanda. "Geuza."

"Mama, subiri!" Sauti ilimtoka Pasi yenyewe, bila adabu, wala hakuijutia. "Usigeuze. Rudi nyuma kidogo tu, upite pale kwa kinyozi. Pale kona pana nafasi. Mimi ninalishusha hili mpaka pale, nalipaki, na wewe unapita. Utafika mlangoni, mama. Nimemwahidi mwanao."

Dirisha likasimama nusu.

"Unajua kuendesha?"

"Sijui. Ila najua kukanyaga."

Mama mkwe akafikiri. Halafu akamgonga dereva bega. "Rudi nyuma. Na uende polepole, nataka kuona."

Fundi akasimama upande wa usukani, mkono mmoja ndani ya dirisha kuushika pamoja na Pasi, na Mama Viti akatangulia nyuma ya lori, anatembea kinyumenyume, anapunga khanga kama askari wa barabarani. Pasi akalegeza mguu kadiri ya uzi mmoja. Lori likajongea. Akaongeza, likatulia. Akalegeza tena. Hatua kwa hatua, kama mtu anayeshona ukosi wa shati la harusi, akilijua kila pindo kabla halijafika chini ya sindano.

"Kulia!" Mama Viti akaamuru.

"Kulia kwangu au kwako?"

"Kulia kwa mama mkwe wako!" Na mama mkwe, kichwa chote nje ya dirisha sasa, akasaidia: "Huku, baba! Huku kwa kinyozi! Usiogope, unakwenda vizuri!"

*Baba.* Pasi alilisikia neno hilo na mguu nusura uteleze.

Lori likaingia kwenye uwazi wa kona, mgongo wake ukagusa kidogo tu ubao wa kinyozi, ubao ukainama pembeni na haujanyooka mpaka leo. Fundi akabana mawe yote manne, akaongeza na la tano.

"Inua mguu, Pasi. Polepole."

Akainua. Lori halikutikisika. Alikuwa amelowa mgongo mzima, na mguu wa kulia ulikuwa ukicheza peke yake kama bado uko kazini.

Teksi ikapita mbele yake. Ilipanda kichochoro taratibu kati ya safu za viti, na watu wakasimama wote kama wanampisha rais. Ikafika getini. Mkewe alikuwa pale, mwiko bado mkononi, ameusahau. Mlango wa teksi ukafunguliwa, mama mkwe akatoa mguu mmoja, ukatua kwenye kizingiti, ukavuta wa pili. Viatu vyote viwili. Binti yake akamkumbatia na mwiko wake, na gauni jipya likapata alama ya mchuzi ambayo hakuna aliyeijali.

Pasi aliyaona yote hayo kutoka nyuma ya lori, alipojificha. Hakuweza kwenda vile. Alijaribu kujipangusa kwa leso, oili ikaenea mpaka sikioni. Fundi alikuwa pembeni yake, anazifunga ekseli mbili kwenye gunia, na Mama Viti amekaa kwenye kiti chake kimoja, anajipepea, anatafuta maneno ya jinsi ya kuomba radhi bila kuomba radhi.

"Pasi," akasema hatimaye, "nani alitoa yale mawe?"

Pasi akakohoa. "Upepo."

Mama Viti alicheka mpaka akashika mbavu, naye Pasi, ambaye kicheko humharibia kola, akacheka pia, na fundi akaketi chini kabisa, juu ya gunia lake.

Walikuwa hivyo wote watatu geti lilipofunguka juu kule na mama mkwe akasimama, kilemba amekilegeza, viatu amekwishavivua kama mtu aliye kwake.

"Nyie huko chini! Nimeketi kitako huku nangoja, na binti yangu ameshapakua. Mkwe wangu, usijifiche, nakuona kiwiko. Njoo na oili yako hivyo hivyo. Na huyo fundi. Na wewe mama wa khanga, uliyemwongoza mwanangu vizuri, usiniangalie hivyo, sina mgeni mwingine hapa. Kuna maji ya kunawa mlangoni. Ingieni tule."